Kijani cha Dodoma Kinywe Maji ya Nani?

Desemba 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Miezi michache baadaye, Aprili 2018, mji ukatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta hapa watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Tangu kampeni ianze, masika yakifika miche hushushwa kwenye malori, mashimo huchimbwa kando ya lami, na viongozi hupigwa picha wakiwa na koleo. Agosti ukipita barabara zilezile, kuna mashimo yenye vijiti vikavu.

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jua na upepo wake vinaweza kukausha maji ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka huohuo. Hesabu hiyo haisogezwi na tamko la mtu yeyote, na kwa sababu yake naamini tumewahi mno kuulizana miti mingapi. Tulitakiwa tuanze na maji.

Nimewakalisha watu watatu wabishane. Nimewatunga, ila wanayoyasema ni mambo ambayo mtu anayeishi Dodoma atayatambua. Wa kwanza ni dada msanifu wa mandhari, anayechora bustani za ofisi na barabara. Wa pili ni mhandisi wa maji. Wa tatu ni mzee wa Kigogo, mkulima na mfugaji, ambaye mashamba yake sasa yamepakana na viwanja vilivyopimwa. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MSANIFU: Shikamoo, mzee wangu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi nyote.

MSANIFU: Naomba nianze, maana najua nitaandamwa. Watu wanadhani kazi yangu ni kupamba. Nendeni kituo chochote cha daladala saa nane mchana mwezi wa Oktoba. Mtakuta abiria wamejipanga nyuma ya nguzo ya umeme, kila mmoja anagombea ukanda mwembamba wa kivuli. Kwangu mimi kivuli ni huduma, sawa na bomba la maji na taa ya barabarani. Mwenye gari la kiyoyozi haoni kwamba kimekosekana. Anayeona ni mama wa karanga na mtoto anayerudi shule kwa miguu. Na mkumbuke mji huu ulichorwa uwe wa bustani tangu mwanzo.

Hapo hajakosea. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mpango wa 1976 ukaandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, chini ya Macklin Hancock, mtu aliyesomea usanifu wa mandhari. Nimeupenda mpango ule kwa jambo moja: ulianza na umbo la nchi. Vilima viliachwa viwe mipaka na upeo wa macho, makazi yakafuata miinuko, waenda kwa miguu na mabasi wakatengewa njia zao. Haukutaka mji wa maghorofa ya kutisha wala barabara za gwaride. Sehemu kubwa haikujengwa, na CDA yenyewe ilivunjwa Mei 2017 baada ya malalamiko ya muda mrefu ya ardhi. Lakini mpangilio wa fikra zake ulikuwa sahihi: kwanza mlima na korongo, kisha nyumba. Siku hizi mara nyingi katapila ndilo linaloingia kwanza, na mtu wa bustani huitwa mwishoni, uzinduzi ukiwa umekaribia, aje kufunika udongo uliochubuliwa.

MHANDISI: Dada, mimi kivuli sikikatai. Ninachokikataa ni ukoka. Twende na namba. Nyasi za kijani kwenye jua hili zinahitaji kama milimita tano za maji kwa siku, yaani lita tano kwa kila mita ya mraba. Ekari moja ni mita za mraba zaidi ya 4,000. Hapo umemwaga lita 20,000 kwa siku moja. Ni ndoo 1,000 za lita ishirini. Rudia hivyo kuanzia Mei mpaka Novemba, halafu nenda kwenye mtaa wa mgao ukawaeleze wenye ndoo kwamba maji yapo.

MSANIFU: Mteja anataka ukoka. Anataka siku ya kukabidhi jengo pawe kijani.

MHANDISI: Na maji hayo yanatoka wapi? Kwa miongo mingi mji huu umeegemea visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji. Vipimo vya kina cha maji pale vimewekwa tangu miaka ya 1950, na uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha jambo ambalo kila mchoraji wa bustani alipaswa kulijua kabla hajashika kalamu. Maji ya chini hayajazwi kidogokidogo kila masika. Miaka mingi hayajazwi kabisa, au yanajazwa kiasi kisichotajika. Kisha unakuja mwaka wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, bonde linapata akiba yake. Kwa hiyo ukimwagilia ukoka leo, huenda unatumia mvua iliyonyesha kabla mtunza bustani hajazaliwa, na huijui ijayo itanyesha lini.

MZEE: Sisi tunajua miaka imepishana. Baba yangu alikuwa haweki mtama wote ghalani mwa mwaka mmoja.

MHANDISI: Ndivyo hasa, mzee.

MSANIFU: Basi niambie nichore nini. Nisichore kitu, jiji libaki vumbi na zege?

Swali hilo ni la haki, na wanaopinga bustani za mjini hulikwepa. Mji mkavu usio na mimea huwa tanuri: lami na kuta hula joto mchana, huliachia usiku, na upepo wa kiangazi huchota udongo kutoka kila kiwanja kilichoachwa wazi. Anayesema tusipande kitu aseme pia watoto wa mji huu wapumue nini. Mhandisi hakulikwepa.

MHANDISI: Uchore maji yanayotupita. Hebu chukua paa la jengo moja la serikali, mita za mraba 1,000. Mvua ya mwaka ikilinyea lote, ni lita 570,000. Ondoa sehemu ya tano kwa kinachopotea njiani, zimebaki zaidi ya lita 450,000. Leo zinaenda wapi? Zinashuka kwenye mabomba ya paa, zinaingia mtaroni, mtaro unazitupa kwenye korongo. Ongeza lami, ongeza sehemu za kuegesha magari, ongeza viwanja vilivyosakafiwa mpaka ukutani. Januari tunakimbia mafuriko, Septemba tunaita maboza. Maji ni yaleyale, dada. Tumeyafukuza wenyewe.

MSANIFU: Kuna mtu mmoja niliyemsoma nikiwa chuoni ambaye angekuelewa haraka. Zephaniah Phiri, wa Zvishavane, Zimbabwe.

Naomba nimwachie nafasi huyu Phiri, maana kisa chake kinaihusu Dodoma kuliko mifano ya nchi za Ghuba tunayoonyeshwa kwenye picha. Miaka ya 1960 alifukuzwa kazi reli kwa sababu za kisiasa, enzi za Rhodesia, akabaki na familia na kipande cha ardhi chini ya jabali kubwa tupu. Mvua ya kule inakaribiana na ya hapa. Ikinyesha, jabali lilitema maji kwa kasi, yakachukua udongo, yakapotea bondeni. Phiri akaanza kuyaangalia yanapopita. Chini ya jabali akapanga kuta fupi za mawe, maji yakapunguza kasi. Chini ya kuta akachimba hifadhi, ambayo aliipenda isijae kwa muda mrefu, kwa kuwa lengo lilikuwa maji yazame. Chini zaidi akachimba makinga maji yenye mashimo ndani yake, ili kila mtaro usimame na kunywa badala ya kukimbiza maji nje ya shamba. Maji ya visima vyake vya chini yakapanda, akawa na matunda na samaki mahali ambapo majirani walikuwa na vumbi. Alifariki mwaka 2015.

Sasa tazama vilima vyetu: Mlimwa, Imagi, na majabali yote yaliyosimama katikati ya makazi. Kila kimoja ni paa kubwa linalomwaga maji juu ya mji. Kwenye michoro mingi kilima huhesabiwa kama kitu cha kutazamwa tu.

MSANIFU: Mwaka 1995 Phiri alitembelewa na Mmarekani, Brad Lancaster, kutoka Tucson, jimbo la Arizona, ambako mvua ni kama nusu ya yetu. Aliporudi kwao alikata ukingo wa zege wa barabara mbele ya nyumba yake, ili maji ya lami yaingie kwenye shimo la mti. Wakati ule ilikuwa ni kuvunja sheria. Baadaye jiji likaruhusu, na mwaka 2008 likapitisha kanuni kwamba majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani zao kutokana na mvua. Utekelezaji ukaanza 2010. Mzee wa Zimbabwe aliyenyimwa kazi amefundisha mji wa Marekani. Sisi tuko karibu naye zaidi, lakini tunajenga kingo za barabara ndefu bila tundu, halafu tunapanda mti upande wa pili wa ukingo na kuuletea maji kwa boza.

MHANDISI: Tundu moja kila mita kumi. Zege haliongezeki, linapungua.

MZEE: Naomba kusema. Nimewasikiliza, na mnayosema ni mema. Lakini nyote mnazungumza kana kwamba korongo linaanzia kwenye paa la ofisi. Korongo linaanzia kwangu. Maji yanayofika kwenu yamepita shambani kwangu kwanza, na udongo mnaouzoa kwenye makalavati yenu ni wangu. Na kila mpango unapokuja, sisi ndio tunaofunga mizigo. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, tukahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Miti ya kivuli na mashamba yaliyotiwa samadi tukayaacha nyuma. Kijijini tukarundikana, ng'ombe wakakanyaga sehemu moja kila siku, kuni zikakatwa karibu na nyumba mpaka zikaisha. Baadaye akaja mtaalamu akasema Mgogo anaharibu ardhi.

MSANIFU: Lakini mzee, mifugo ilikuwa mingi kweli. Kondoa iliokolewa na HADO.

MZEE: Iliokolewa. Waliohama uliwauliza?

Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ilianza 1973 kwa msaada wa Sweden. Nchi ya Kondoa ilikuwa imechanwa na makorongo hadi nyumba zikaning'inia kingoni. Yalichimbwa makinga maji, ikapandwa miti, na matokeo yakawa madogo. Mwaka 1979 ikachukuliwa hatua kali: mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi zenyewe, vichaka vikafuata, mito ya mchanga ikaanza kutulia. Miongoni mwa mafunzo ya mazingira niyajuayo katika nchi yetu, hili ni kubwa sana: ardhi kavu ikipumzishwa, mara nyingi ina mbegu na mizizi ya kutosha kujirudisha, bila mche hata mmoja wa kununua.

Ila maziwa, samadi, mahari na akiba ya mwaka wa njaa vilitoka pamoja na ng'ombe. Ufugaji wa ndani, wa kukata majani na kumletea mnyama zizini, uliruhusiwa miaka kumi baadaye. Sisemi HADO ilikosea kupumzisha ardhi. Nasema deni lilipelekwa kwa watu ambao hawakuulizwa, na mpango wowote wa kijani wa Dodoma ya leo usipolitazama deni hilo utalirudia.

MHANDISI: Mzee, kuhusu udongo wako nakubali bila kubisha. Bwawa la Ikowa lilijengwa miaka ya 1950. Watafiti waliopima mabwawa ya jirani na Dodoma, Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, walichapisha kazi yao mwaka 1972, na ilionekana kwamba mabwawa haya yangejaa mchanga katika miongo michache. Tunaweza kuchimba mabwawa mapya kila kizazi, au tukalipia makinga maji kwenye mashamba ya juu. Kwa mhandisi jambo la pili halina jiwe la msingi la kufunuliwa, lakini ndilo linalodumu.

MZEE: Na kwenye mashamba hayo, msiniletee miche elfu moja. Nina visiki. Umeona kisiki cha mgunga kilichokatwa kila mwaka? Hakijafa. Kila masika kinatoa machipukizi kama ishirini, mbuzi wanayala, au mwenye shamba anayafyeka akidhani ni magugu. Chagua machache yaliyonyooka, pogoa mengine, funga kitambaa ili watu wajue huu mti una mwenyewe, kisha ulinde. Mizizi yake iko chini tayari, ina miaka kuliko mjukuu wangu. Hauhitaji boza.

Mzee anaeleza njia ambayo shirika la LEAD Foundation limeisambaza vijijini Dodoma kwa jina la kisiki hai. Njia inayofanana nayo iko Niger, ambako kuanzia miaka ya 1980 wakulima walilea visiki vyao mashambani, na kijani kikarudi kwenye mamilioni ya hekta. Shinyanga nao, kupitia mradi wa HASHI ulioanza 1986, walirudisha misitu kwa kufufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Kijani cha sehemu hizi hakikutegemea kitalu.

MSANIFU: Nakubali kwa shambani. Mjini, mzee wangu, kisiki hakipo. Katapila limeking'oa pamoja na udongo wa juu. Nikingoja visiki kwenye barabara mpya nitangoja milele.

MZEE: Kwa nini kiling'olewa?

MSANIFU: Kwa sababu mkataba wa kusafisha kiwanja unasema safisha.

MZEE: Basi ubadilishwe mkataba.

Nadhani hapa ndipo mjadala ulipogusa mfupa. Mbuyu uliokuwepo kabla ya mji, mkwaju, mkababu unaobaki na majani kiangazi wakati miti mingine ni mitupu: yote ilikuwa kwenye ardhi ya jiji hili kabla ya upimaji. Kupima miti na visiki vilivyopo, kuviweka kwenye ramani, na kupitisha barabara pembeni yake, ni kazi ya siku chache kwa timu yenye vifaa. Kuurudisha mbuyu mkubwa ni kazi ya karne. Naona uchungu kila ninapoona mbuyu umeangushwa ili pachorwe duara la maua.

Aina ya miti waliibishania kwa muda mfupi. Mhandisi alitaja mathenge ya Baringo, Kenya, mti wa Amerika uliopandwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa ya kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ulienea ukameza malisho, na mwaka 2006 wafugaji wakafika mahakamani kudai haki yao, wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula matunda yake. Msanifu alijibu kwamba mwarobaini nao ni mgeni, na Dodoma nzima inajikinga jua chini yake. Wote wawili wana hoja. Mimi ningeanza na wenyeji, na mgeni aje akiwa ameshachunguzwa tabia yake karibu na maji na mbegu zake.

MSANIFU: Nitawaambia kinachonisumbua kuliko aina. Zabuni inalipa mti uliopandwa. Mkandarasi anapanda, anahesabiwa, analipwa, anaondoka. Mimi nataka alipwe kwa mti unaoishi baada ya viangazi vitatu. Hapo hapo atajifunza kuchimba shimo pana, kuelekeza maji ya barabara na kutandaza majani makavu juu ya udongo. Hatapanda ukoka.

MHANDISI: Nami kibali cha ujenzi kisitoke bila ramani ya maji ya kiwanja: yanaingilia wapi, yanazama wapi, yanatokea wapi. Na anayetaka nyasi za kumwagilia azimwagilie kwa maji ya paa lake au majitaka yaliyosafishwa. Ya kisima yaachwe kwa watu.

MSANIFU: Na vilima vifungwe. Visijengwe, visilishwe, vipandishwe kuta za mawe kama za Phiri.

MZEE: Mwanangu, hapo umenifikia. Mnafunga kilima. Mbuzi wangu kuanzia Juni waende wapi?

MSANIFU: Majani ya ndani ya nyua za wizara na taasisi yanakatwa na kuchomwa. Yakikatwa Aprili, kabla hayajakauka, yakafungwa robota, ni chakula. Kondoa walijifunza kuleta majani zizini.

MZEE: Baada ya miaka kumi. Na mlenda wa mwituni tunaochuma huko mlimani masika? Hata wake zetu mtawafungia?

MSANIFU: Wa kuchuma kwa mkono wapite. Hilo naliandika sasa hivi.

MZEE: Liandike kwenye ile karatasi yenye muhuri. Na uandike pia nani ataleta majani, kwa gari la nani, na mwaka ambao hakuna majani itakuwaje.

MHANDISI: Mwaka wa ukame, mzee, mimi nina hesabu ya maji. Ya malisho sina.

MZEE: Basi anayeijua aitwe, nasi tuitwe, kabla seng'enge haijanunuliwa.